Nani Amchimbie Mama Mkwe

Mimi ni mkamwini. Nilioa Chamtulo nikahamia Chamtulo, kwa sababu huku mwanamume ndiye anayebeba godoro kwenda kwa mkewe, na nyumba, shamba, watoto, hata kuku, vyote ni vya ukoo wa mama. Sina neno na hilo. Baba yangu aliishi hivyo kule Mchinji, na babu yangu kabla yake. Ninachokichukia ni ile sauti. "Mkamwini, kaa chini." Miaka yote niliyoishi pale, kila nikifungua mdomo barazani lazima mtu aniambie hivyo, na ananiambia kwa upole kabisa, mtu anavyomwambia mtoto aache kuchezea kisu. Ule upole ndio unaonichefua.

Mke wangu Eletina, yeye hajatokea wa kumwambia akae chini akakaa. Anauza maharage na karanga kwa jumla, anajua majina ya watu wa bonde zima na ya mbuzi wao, na akicheka sokoni unamsikia ukiwa mtoni. Mwaka ule alitaka ubunge kwa tiketi ya chama kikubwa. Siku ya mchujo watu walipanga foleni kwenye uwanja wa mpira wa shule, kila mgombea na foleni nyuma yake. Hakuna karatasi wala sanduku, ni macho tu. Foleni ya Eletina ilianzia golini, ikapita vyooni, ikaingia kwenye shamba la mwalimu mkuu. Foleni ya Bwana Kachigamba, mwenye malori kutoka Lilongwe, ungeifunika kwa mwavuli mmoja na mwavuli ukabaki. Jioni redio ikatangaza kwamba chama kimempitisha Kachigamba.

Nilibamiza redio ukutani. Ilikuwa redio yangu. Eletina akaokota betri moja moja, akazifuta vumbi, akasema, "Basi nasimama peke yangu."

Akachukua fomu za mgombea binafsi, akapewa alama ya ungo, tukaanza kuzunguka. Kachigamba alikuwa na vitenge vya kugawa, fulana, magari yanayofuatana, na picha yake kwenye kila mti mpaka ng'ombe wakamzoea. Mwenyewe hatukumwona. Sisi tulikuwa na pikapu ya kubebea maharage, mimi nikiwa dereva, na kipaza sauti kinachokohoa. Wanawake wakiuliza vitenge viko wapi, Eletina anawajibu, "Dada zangu, kitenge changu nilichovaa ni hiki kimoja, nikikupa wewe mwenzio atanivua nini?" Wanaangua kicheko. Wiki ya pili wakaanza kuja mikutanoni na nyungo zao wenyewe, wanazipiga kama ngoma, vumbi la pumba linapaa. Hapo ndipo wakubwa wakaona kwamba mchezo umegeuka.

Machifu wakaitwa mjini wakalishwa nyama. Chifu wetu, Chamtulo, alirudi na mabati mapya juu ya lori, na kesho yake akaitisha baraza. Akasema kijiji chake kina chama kimoja. Akasema anayekwenda kinyume amejitoa mwenyewe kijijini. "Na aliyejitoa," akasema, akiangalia kucha zake, "siku akifiwa, azike mwenyewe."

Huku mfiwa hachimbi kaburi. Wanaochimba ni watu wa koo nyingine za kijiji, tunawaita wajukuu hata kama wana mvi, na bila wao maiti haitoki ndani. Mtoto akishika jembe kumchimbia mama yake mwenyewe ni laana ya kizazi kizima. Kwa hiyo chifu alikuwa ameshika mahali penye kuuma, na alijua.

Nikasimama. "Chifu, hiyo ni adhabu ya kumpa maiti. Maiti hagombei ubunge."

"Mkamwini, kaa chini," akasema, kwa upole.

Nikakaa. Mkono wa Eletina ulikuwa umenivuta shati.

Kampeni zilikuwa zimebaki siku chache tu mama mkwe akafa.

Mimi na yule mama hatukuwahi kuzungumza. Adabu hairuhusu: simtaji jina, simtazami usoni, tukikutana njiani mmoja wetu anaingia vichakani. Lakini alikuwa mama mwenye maneno, na maneno lazima yatoke, kwa hiyo alikuwa anazungumza na kuku. Nimekaa upande wa pili wa ua namsikia: "Wewe jogoo, kuna watu wameacha baiskeli nje na mvua hiyo inakuja." Nainuka naingiza baiskeli. "Wewe jogoo, leo kuna firigisi, nimeifunika kwa bakuli la bluu, paka asije akaila." Naenda nakula firigisi. Eletina alipotangaza kugombea, jogoo aliambiwa hivi: "Mwanamume mwenye mke mwenye akili kazi yake ni kuendesha gari na kufunga domo." Ndiyo maana nikawa dereva.

Alianguka asubuhi akipepeta karanga. Presha. Kabla sijawasha pikapu alikuwa ameshatutoka.

Mtoto wake wa kiume ni Laudoni, fundi cherehani, mtu mwenye haya ambaye hata akikupima suruali anakuomba radhi. Yeye ndiye msemaji wa dada zake kwa mambo yote ya ukoo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kwa chifu na kuku wa kutangaza msiba. Chifu akipokea kuku, wajukuu wanachukua majembe. Ndivyo inavyokwenda, tajiri kwa maskini.

Kuku alirudi. Alirudi mzima, miguu imefungwa, Laudoni amembeba kifuani, na nyuma yake anakuja Mzee Sitolo, mjumbe wa chifu, na fimbo yake. Wanawake waliokuwa wanalia ndani wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyomwona yule kuku.

"Chifu anawapa pole," akasema Mzee Sitolo. "Lakini alishasema. Wajukuu hawachimbi. Eletina apande gari lake hilo, ashike hicho kipaza sauti chake, apite vijiji vyote atangaze amejitoa, na kura zake wampe Bwana Kachigamba. Akirudi atakuta kaburi tayari. Chifu si mtu mbaya."

Damu ikanipanda. "Mzee Sitolo, mkeo alipovunjika mguu ni nani alikuwa anakwenda kumkanda kila siku? Si huyu aliyelala humo ndani?"

"Mkamwini, haya ni mambo ya wenye kijiji."

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekujibu."

Eletina akatoka. Alikuwa amevaa kitenge kifuani, kichwa kimefungwa, macho yamevimba. Akapiga magoti akamsalimia mzee kama adabu inavyotaka, maana hata siku hiyo hakusahau adabu. "Nimesikia, babu. Mwambie chifu nimesikia."

"Ni ndiyo au ni hapana?"

"Mwambie nimesikia."

Mzee alipoondoka Laudoni akamfuata dada yake nyuma ya nyumba, na mimi nikawafuata wote wawili, hata kama hakuna aliyeniita.

"Dada, jitoe," Laudoni akasema. "Nakuomba. Ubunge utakuwepo mwaka mwingine. Mama hatakufa mara ya pili."

"Mama ndiye aliyeniambia nisimame."

"Mama hakujua kama atafia kwenye kampeni."

"Nikijitoa leo kwa sababu ya kaburi, Laudoni, basi kuanzia leo kila mtu mwenye mama mzee ameshashikwa. Hakuna atakayefungua mdomo tena katika bonde hili. Umefikiria hilo?"

"Mimi nafikiria mama yangu amelala ndani na joto la mwezi wa tisa."

Hapo Eletina akaanza kuchomoa nyuzi za pindo la kitenge chake, moja, nyingine, mpaka pindo likafumuka. Kisha akanigeukia mimi. "Baba Tisunge, kesho saa sita mchana ndiyo mwisho, mwili hautangoja zaidi ya hapo. Kama hakuna kaburi kufika saa sita, nitapanda gari nitatangaza wanachotaka. Nimtupe mama yangu? Siwezi. Nitatangaza."

Nilitamani kumwambia asitangaze. Nilitamani vilevile kumwambia atangaze sasa hivi tumzike yule mama kwa heshima. Hasira ikawa haina pa kwenda, kwa hiyo nikaipeleka kwa Samalani.

Samalani ndiye kiongozi wa wajukuu. Ni kijana mrefu anayechoma matofali kando ya mto, na yule mama alimnyonyesha alipokuwa mchanga kwa sababu mama yake hakuwa na maziwa. Nilimkuta kwenye tanuru lake, amekaa kivulini, anakunywa uji wa thobwa kwa utulivu kana kwamba hakuna msiba kijijini.

"Samalani, bibi yako amekufa."

"Nimesikia, shemeji. Pole sana."

"Pole yako sitamfukia nayo. Majembe yako wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Shemeji, usinifanye mbaya. Chifu ametuita wote. Amesema atakayechimba asahau mbolea ya serikali, yeye na mama yake na dada zake. Mimi nina watoto. Bila ile mbolea shamba langu halitoi hata debe."

"Kwa hiyo bibi yako aoze."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu mbolea ya chifu hupewi. Ungekuwa unapewa ungejua ninachokisema."

Nilimtukana. Sitaki kurudia nilichomwambia, lilikuwa tusi la kumhusu mama yake, na mama yake hakuwa na kosa. Nikageuka nikaanza kurudi, nazungumza peke yangu njia nzima, napiga teke kila kijiti. Eti hupewi. Ananiambia mimi kwamba sipewi, kana kwamba sijui, kana kwamba sikusimama kwenye foleni ya mbolea miaka yote ile nikaambiwa mkamwini aende akachukue kwao. Nimefika kwenye kisima neno lenyewe likaniingia kichwani vizuri. Nikasimama palepale.

Sipewi. Kweli sipewi. Basi ataninyima nini?

Wakamwini wa Chamtulo tuna mahali petu kwenye misiba. Tunapasua kuni. Wenye kijiji wanakaa barazani, wajukuu wanakwenda makaburini, sisi tunakaa kwenye rundo la magogo na mashoka yetu, na hakuna anayetutazama mpaka moto upungue. Niliwakuta wamekaa pale, wanaume wa kutoka kila upande, Kasungu, Dowa, Salima, mmoja mpaka wa Dedza, wote wamenuna. Habari ya kuku aliyerudi ilikuwa imewafikia.

"Jamani," nikasema, "sisi ni watu wa nani?"

"Umeanza," akasema yule wa Dedza. Mdomo wangu wanaujua.

"Nauliza. Chifu amewakataza watu wake wasichimbe. Sisi ni watu wake?"

Mzee Falakeza akainua kichwa. Huyu ni mkubwa wetu, mzee mkavu mwenye jino moja la mbele, mume wa dada yake chifu. Kwa desturi ya huku chifu hurithiwa na mtoto wa dada yake, kwa hiyo mtoto wa Falakeza ndiye atakayekuwa chifu Chamtulo siku moja, na baba mtu anapasua kuni.

"Mbolea ikija," akasema Mzee Falakeza taratibu, "tunaambiwa twende kwetu. Mahindi ya njaa yakija, twende kwetu. Wale waandikishaji wa kura walipokuja hapa shuleni, Sitolo alikaa mlangoni na fimbo, akanirudisha mimi na uzee wangu. Mkamwini akajiandikishe kwa mama yake. Nikapanda basi mpaka Kasungu nikajiandikishe kwenye kijiji ambacho walionijua wote wameshakufa."

"Na mimi Mchinji," nikasema.

"Wote," akasema wa Dedza. "Hapa hakuna mwenye kura hata mmoja."

"Basi chifu wangu yuko Kasungu," akasema Mzee Falakeza. "Na hajanikataza kitu."

Wakatazamana. Kuna mmoja akauliza kama inafaa mkwe kumchimbia mama mkwe wake, na adabu ile yote. Wakaniangalia mimi, maana marehemu alikuwa mama mkwe wangu mimi. Nikawaambia kwamba nimekaa miaka yote bila kumtazama, na ndani ya shimo sitamtazama vilevile. Nitachimba tu. Wakasema haya.

Alfajiri tulikuwa tayari msituni mwa makaburi. Majembe ya kuchimbia kaburi yanakaa kwa chifu, kwa hiyo kila mtu alikuja na lake la shamba, na sururu mbili za kuvunjia mawe. Ardhi ya mwezi wa tisa ni ngumu ajabu. Jembe linadunda, mkono unauma mpaka begani. Tulikuwa tunapokezana wawili wawili, na ilipofika zamu yangu nilichimba kwa hasira mpaka wenzangu wakaniambia nipunguze nisije nikavunja mpini. Sikuweza kupunguza. Kila nikishusha jembe nilikuwa namwona Sitolo, na Kachigamba na picha zake, na yule mtangazaji wa redio. Nilimkumbuka na yule mama, na sauti yake ikisema na kuku, na hapo nilikuwa nalia, nalisema wazi, nalia na kuchimba, na jasho lilinisaidia watu wasijue.

Shimo lilikuwa limefika kiunoni Mzee Sitolo akatokea kati ya miti. Nyuma yake kuna wajukuu wengi, Samalani miongoni mwao. Hawakuwa na majembe.

"Nani amewaruhusu kuingia humu?" akauliza Mzee Sitolo.

Nikaegemea jembe. "Nani amekataza?"

"Chifu amekataza."

"Amewakataza watu wa kijiji chake. Sisi wageni."

"Mkamwini, usinichezee. Toka kwenye hilo shimo."

"Sitoki, Mzee Sitolo. Nifukuze. Ninyime mbolea. Ninyime mahindi. Nitoe kwenye baraza. Niambie nikae chini. Chochote mlichonacho cha kuninyima mlishaninyima zamani, kazi ikaisha. Leo mnanitaka niwe mtu wenu kwa sababu mnataka kunikataza?"

Akainua fimbo. Nadhani angenipiga nayo, na mimi nilikuwa na jembe, na sijui ingekuwaje. Mzee Falakeza alikuwa amekaa upande wa pili wa lundo la udongo, anapumzika zamu yake, Sitolo hakuwa amemwona. Akanyanyuka polepole huku ameshika kiuno.

"Sitolo," akasema, "mwambie shemeji yangu chifu kwamba nimechimba. Mimi, baba wa yule atakayekukuta na hiyo fimbo au atakayekunyang'anya. Mwambie hivyo hivyo. Nenda."

Sitolo akabaki na fimbo juu. Akatazama nyuma kuwatafuta wajukuu, na wajukuu walikuwa wanatazama viatu vyao. Akashusha fimbo, akaondoka. Wajukuu hawakuondoka. Walikaa kando kwenye miti, wanatuangalia tukimaliza kazi yao.

Kabla ya saa sita kaburi lilikuwa tayari. Nilikwenda kumwambia Eletina mwenyewe, udongo mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa mkekani karibu na mama yake, na kile kipaza sauti kilikuwa pale mlangoni, kimefutwa vumbi, tayari kupandishwa garini. Nikamwambia, "Lipo." Aliinamisha uso kwenye miguu ya marehemu akakaa hivyo kwa muda mrefu, mabega yanatikisika, na wanawake wakaanza kulia upya, kilio kile chenyewe cha msiba, ambacho toka jana kilikuwa kimezuiwa.

Wakaja watu ambao sikuwategemea. Wakaja wa vijiji vya mbali na nyungo zao, wamezigeuza juu chini, ishara ya msiba. Hata chifu akaja, maana chifu kukosa mazishi ya mtu mzima ni aibu isiyofutika. Akakaa kwenye kiti chake na miwani yake. Mchungaji alipomaliza, ikafika zamu ya Laudoni kumshukuru chifu kwa niaba ya ukoo. Akasema, "Tunawashukuru waliochimba." Akakaa. Hilo tu. Sijawahi kumpenda shemeji yangu kama siku ile, na chifu akavua miwani akaifuta.

Jeneza likashushwa. Eletina akatupa udongo wa kwanza. Mimi nikashika jembe langu nianze kufukia, na wenzangu wakashika ya kwao. Ndipo Samalani akaja akasimama mbele yangu. Wajukuu wengine walikuwa nyuma yake.

"Shemeji," akasema, "nipe jembe."

"La nini?"

"Nimfukie bibi."

"Jana ulikuwa unakunywa thobwa."

"Najua." Alikuwa analia, kijana mrefu vile, kamasi zinamtoka mbele ya watu. "Nipe, shemeji. Amenilea. Mbolea ataninyima aninyime."

"Ungesema hivyo jana." Nikamsogeza kwa bega nikafukia jembe la kwanza. "Kaa kando. Hapa ni kazi ya wageni. Kaa chini, mwenye kijiji."

Nilisema kwa upole. Nilikuwa nimeingoja nafasi ya kuitoa ile sauti tangu nioe, na ilikuwa tamu mdomoni, siwezi kudanganya. Watu waligeuka kutazama. Samalani hakuondoka. Akabaki amenyoosha mikono, na nyuma yake wajukuu wale wote, na nyuma yao mama zao na wake zao na dada zao, kijiji kizima cha Chamtulo kinangoja.

Eletina akaja. Alitembea juu ya udongo ule laini bila viatu, akasimama karibu yangu kabisa, mdomo wake sikioni mwangu. Nilifikiri anakuja kusimama na mimi.

"Mpe," akasema.

"Eletina, huyu jana—"

"Najua jana. Mpe jembe, baba Tisunge. Waambie na wenzako wawape. Hawa wanapiga kura hapa."

Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, ya mtoto kwa mama yake, na huku anatoka machozi macho yake yalikuwa yanapita juu ya bega langu, uso kwa uso, yanawahesabu.

Nikampa Samalani jembe. Wakamwini wenzangu waliona, wakayaachia ya kwao, mmoja baada ya mwingine, Mzee Falakeza wa mwisho. Tukarudi nyuma mpaka kwenye miti, tukakaa na malengelenge yetu, tukawatazama wenye kijiji wakimfukia mama yao. Walifukia vizuri, kwa nguvu, wanaimba. Wanawake wakageuza nyungo zao juu wakaanza kuzipiga. Watu wa Chamtulo wanasema mpaka leo kwamba siku ile ndiyo waliyoamua, pale pale kaburini, chifu akiwa amekaa.

Alishinda. Sasa ni Mheshimiwa, yuko Lilongwe, na watu wananishika mkono wananipongeza. Siku ya kura sikuwa naye. Nilikuwa Mchinji, nimepanga foleni kwenye shule niliyosoma, na nikampigia kura mtu nisiyemjua.